Tongoni tunaomba ushauri: tufanye nini ili faiba itufikie?

Mwanatongoni ameandika:

Waungwana, assalaam alaikum. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina duka la stesheneri hapa Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, ukiifuata barabara ya Pangani kwa takriban kilomita 20. Wageni wanapajua mahali hapa kwa magofu ya msikiti na makaburi ya kale, lakini sisi wenyeji tunaishi kwa uvuvi, mwani, minazi na biashara ndogo ndogo. Dukani nina kompyuta mbili, printa moja na kimodemu kinachotumia laini ya simu. Kazi ninazoletewa siku hizi si za kuchapa barua tena. Leseni ya biashara inaombwa kupitia mfumo wa TAUSI, zabuni za serikali zinapita NeST, yaani mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na vijana wanaomaliza kidato cha sita wanaomba vyuo na mikopo mtandaoni, kila mmoja akiwa na tarehe yake ya mwisho.

Hivi karibuni mama mmoja wa kikundi cha ushonaji aliniletea nyaraka za zabuni ya sare. Sheria imewatengea makundi maalumu asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma, na kikundi chake kilikuwa kimetimiza kila sharti. Tulianza kupandisha nyaraka saa tano asubuhi. Mstari ule wa kijani ulikuwa ukifika karibu na mwisho, unasimama, kisha ukurasa unaturudisha mwanzo. Saa kumi alasiri zabuni ikafungwa. Mama yule alikunja karatasi zake taratibu, akazirudisha kwenye mkoba, kisha akaniuliza kama nauli ya kwenda mjini ingemfaa zaidi kuliko kuja kwangu. Nilimrudishia fedha yake, ila najua hicho sicho alichokipoteza.

Tumeandika barua kwa kampuni moja ya mawasiliano, ikiwa na sahihi za wakazi 140, na hatujapata jibu. Wakala wao alikuwa amefika mara mbili kabla ya hapo, akautazama mnara, akasema wateja hawatoshi, akaondoka. Naomba kufahamu: jamii kama yetu inafanya nini ili kuvutia intaneti ya kasi, na iwe yenye manufaa kwa uchumi wa watu wake?

---

FundiNyuzi amejibu:

Wa alaikum salaam, kaka, na pole sana kwa yaliyompata mama yetu. Nimechimba mitaro na kuunganisha nyuzi za faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha intaneti kwa mwanga, kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitazungumzia yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Kwanza fahamu kwamba njia kuu ipo. Nyaya za baharini zilifika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao shirika la simu la taifa, TTCL, ndilo linaloliendesha, ulianza mwaka huo huo wa 2009 na umekwishaunganisha makao makuu ya mikoa, Tanga ikiwamo. Kinachowakwamisha ninyi ni hizo kilomita 20 za mwisho.

Sasa, kabla hujaandika barua nyingine, nenda ukautazame mnara wenu vizuri. Ukiona vitu vya mviringo vinavyofanana na ngoma, vimeelekezwa upande wa mjini, basi yaelekea mnara unapokea mawasiliano kwa redio. Simu zote za Tongoni zinagawana njia hiyo moja, na ikijaa jioni, hata simu iandike 4G namna gani, hakuna kinachopita. Mnara ukiletewa faiba, wakazi wote wanaona tofauti kabla nyumba hata moja haijavutiwa waya.

Gharama kubwa haiko kwenye waya wenyewe. Iko kwenye kuchimba, kufukia, kupata vibali na kurudisha barabara katika hali yake. Pwani yetu hii, ukishashuka kidogo tu unakutana na mawe ya matumbawe, na hapo sururu inagota mpaka mikono inakufa ganzi. Siku nzima mnaweza kumaliza hatua chache tu. Ndiyo maana jamii inayotaka kuivutia kampuni inapaswa kuipunguzia mzigo wa kuchimba. Kila mtaro unaofunguliwa kwa kazi nyingine, uwe wa bomba la maji au wa kando ya barabara, ulazwe mabomba matupu ya plastiki ya kupitishia faiba baadaye. Bomba tupu ni fedha ndogo mtaro ukiwa wazi. Likija kutafutiwa nafasi baada ya lami kumwagwa, linakuwa mradi mwingine kabisa. Barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani, pamoja na daraja la Mto Pangani, ni nafasi ya aina hiyo, na inasikitisha sana jambo kama hili likikumbukwa wakati mafundi wanafungasha vifaa.

Kaskazini mwa Uingereza, huko Lancashire, kuna vijiji vilivyoanzisha mtandao wao mwaka 2011 unaoitwa B4RN. Wenye mashamba walitoa njia bure, wakazi wakachimba mitaro wenyewe na kununua hisa, na leo nyumba zao zina kasi ya gigabiti moja kwa sekunde. Walifanikiwa kwa sababu waliondoa gharama mbili zinazowatisha wawekezaji, yaani fidia ya ardhi na vibarua. Nanyi mnaweza kukubaliana na wenye minazi kwa maandishi kwamba waya ukipita shambani hawatadai fidia, isipokuwa kwa mti utakaokatwa.

---

BintiNgamiani amejibu:

Kaka Mwanatongoni, nafanya kazi ya hesabu za mikopo, na nimeisoma habari ya barua yenu kwa masikitiko, kwa sababu sahihi 140 zinaonyesha kuwa watu wana shida, lakini hazionyeshi kuwa watu watalipa. Anayesoma barua ile ofisini ana swali moja tu: fedha yangu itarudi baada ya muda gani?

Andaeni daftari. Pita nyumba kwa nyumba, na kwa kila nyumba uandike wanachotumia sasa kwa bando kila mwezi, wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa intaneti isiyokatika, na wanaifanyia kazi gani. Kwa mfano, nyumba na maduka 60 yakikubali Sh 30,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh 1,800,000 kila mwezi, sawa na Sh 21,600,000 kwa mwaka. Tarakimu hiyo inazungumza lugha ambayo kampuni inaielewa. Kisha ongezeni walipaji wakubwa: shule, zahanati, ofisi ya kata, wanunuzi wa samaki, mwenye nyumba ya wageni. Taasisi moja inayolipa bila kukosa ina uzito kuliko nyumba nyingi zinazolipa mwezi huu na kuacha ujao.

Kansas City, Marekani, ni mfano ninaoupenda ingawa pia unanipa tahadhari. Mwaka 2010 Google ilipotangaza kutafuta mji wa kujenga faiba, miji takriban 1,100 iliomba. Baada ya Kansas City kuchaguliwa mwaka 2011, mitaa iligawanywa, na mwaka 2012 kila kaya iliyotaka huduma ilijiandikisha kwa kutanguliza dola 10; mtaa uliofikisha idadi iliyowekwa ndio uliochimbiwa. Kampuni ilijua pa kuanzia, na wakazi walijua wanachopaswa kufanya. Lakini mitaa ya watu wa kipato cha chini ilibaki nyuma, mpaka watu wa kujitolea walipoingia nyumba kwa nyumba kuwaandikisha wenzao. Kwa hiyo daftari lenu lisiishie kwa wenye nyumba za bati jipya. Mkulima wa mwani anayetumia bando la siku mbili kwa wiki naye ni mteja, ila mpangeni kwenye kifurushi chake.

---

MzeeWaKata amejibu:

Marahaba, wanangu. Nimestaafu utumishi katika halmashauri, na ninaliona pengo moja katika mazungumzo haya: mnaizungumzia kampuni kana kwamba ndiyo mlango pekee.

Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni zinasema hayana faida. Mfuko hutangaza zabuni, na kampuni inayoshinda hupewa ruzuku ya kufikisha huduma. Kwa hiyo neno lile la wakala, kwamba wateja hawatoshi, msilichukulie kuwa mwisho wa safari, maana ndiyo hoja yenyewe ya kwenda nayo kwenye Mfuko. Pelekeni ombi kupitia mtendaji wa kata, lijadiliwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani alibebe hadi baraza la jiji, na nakala mumpelekee mbunge. Ombi lililopita katika vikao lina muhtasari na kumbukumbu namba. Lililotoka mkononi mwa mtu mmoja hupotea siku ofisa anapohamishwa.

Zingatieni pia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na vipaumbele vya kata huanza kukusanywa miezi mingi kabla. Anayekuja na wazo mwezi Mei amekuja wakati chakula kimekwishapakuliwa. Kwa njia za barabara za ndani zungumzeni na TARURA, na kwa barabara kuu zungumzeni na TANROADS, kwa sababu hifadhi ya barabara ina mwenyewe na haichimbwi kwa makubaliano ya kijiji.

Nanyi msiseme Tanga hatuwezi kukusanya mtaji wa miundombinu. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya kijani (hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira) ya miaka 10, yenye thamani ya Sh bilioni 53.12, na wawekezaji wakainunua kwa ajili ya mabomba na mitambo ya maji. Sisemi Tongoni itoe hatifungani. Nasema mabomba hayo yatachimbiwa mitaro, na aliyetangulia kuandika barua ya kuomba bomba la faiba lilazwe humo anaweza kusikilizwa.

---

KaoleMpaka amejibu:

Niko Bagamoyo, na ninaomba kupingana kidogo, kwa nia njema. Mtaani kwetu faiba imefika. Kwa muda mrefu baada ya kufika, kilichobadilika ni kwamba vijana waliangalia mpira bila kukwama. Wachongaji wawili niliowajua vizuri walilipia miezi mitatu, wakaacha, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kupiga picha ya kinyago ikaonekana vizuri, kuandika bei pamoja na gharama ya usafirishaji, wala kumjibu mteja siku ile ile. Jirani yao mmoja, anayefundisha ngoma, alikuwa amekwishaanza kurekodi masomo kwa simu na kuyapeleka kwenye flashi kwa basi hadi Dar es Salaam. Waya ulipomfikia alipata wanafunzi wa nje ndani ya muda mfupi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa tayari inausubiri.

Ninachosema ni kwamba Tongoni waanze sasa kuandaa kazi zitakazopita kwenye huo waya. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kuwanunulia vijana kompyuta na kamera iwapo wataunda kikundi chenye andiko la maana. Wakala atakapokuja mara ya tatu, muonyesheni watu wanaofanya kazi.

---

Mwanatongoni ameandika:

Nawashukuru kwa dhati, na Mzee wangu nimekuelewa kuhusu vikao. Nakiri kwamba barua yetu ilizungumzia mateso yetu zaidi kuliko uwezo wetu, na sahihi zile tulizikusanya siku moja msikitini na kwenye mnada wa samaki bila kuuliza mtu analipa nini.

Ndugu wa Kaole, tahadhari yako nimeipokea, ingawa sikubaliani kwamba kazi lazima itangulie kila mahali. Mama mshonaji alikuwa na kazi, alikuwa na nyaraka, alikuwa na haki yake kisheria. Kilichokosekana ni mtandao. Hata hivyo nimezungumza naye juzi, na amekubali kulishika daftari yeye mwenyewe, kwa kuwa anaingia majumbani ambako mimi kama mwanamume ningeishia barazani. Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri, upande wa pwani kwa wakulima wa mwani, kisha tunapanda kuelekea barabara kuu. Mtendaji wa kata ameniahidi nafasi kwenye kikao kijacho.

Fundi, nilikwenda kuutazama mnara kama ulivyonielekeza. Zipo ngoma mbili. Moja imeelekea kaskazini, upande wa mjini, na nyingine, ndogo zaidi, imeelekea kusini. Hakuna shimo wala mfuniko wowote wa zege karibu na uzio. Hii ina maana gani kwetu?

---

FundiNyuzi amejibu:

Inaelekea, kaka, kwamba mnara wenu unapokea kwa redio kutoka mjini na kisha unaurushia mawasiliano mnara mwingine ulio mbele, kwa hiyo njia ile nyembamba mnagawana na watu msiowaona. Hiyo ni hoja nzito kuliko mnavyodhani: faiba ikifika hapo haitawasaidia Tongoni peke yenu. Tafuteni ni eneo gani linalolishwa na ngoma ya kusini, zungumzeni na mtendaji wao, na daftari liwe moja la kata zote mbili. Katika ombi, sentensi ya kwanza iombe faiba hadi mnarani, na ya pili iombe mtambo unaorusha mawasiliano kwenye nyuzi za majumbani (OLT) uwekwe hapo hapo Tongoni, kwa kuwa uzi mmoja unaotoka kwenye mtambo huo mara nyingi hutumika kugawia nyumba 32, na kwa kawaida unahesabiwa kufika kilomita 20 tu kutoka ulipo mtambo, nanyi mko ukingoni kabisa mwa umbali huo ukihesabu kutoka mjini. Picha za mnara nitumie. Nitawachorea ramani ya mtaro muiambatishe.