Nampeleka mama makasri ya Mfalme Ludwig wa Bavaria, Ujerumani, kwa siku moja, naombeni ushauri

Mtoto wa Pangani: Wakuu, habari zenu. Mama yuko kwangu Munich mpaka mwisho wa mwezi. Neuschwanstein amekuwa akiliona kwenye kalenda tu, nataka alione kwa macho yake. Nimepanga Jumamosi tutoke kwa treni tuone Neuschwanstein, Hohenschwangau na Linderhof, jioni turudi. Umri umesogea na goti linamsumbua. Tutaweza?

Msafiri Kusini: Linderhof liache, mkuu. Liko upande mwingine, karibu na kijiji cha Oberammergau. Kwa treni na basi, siku itaishia vituoni. Hayo mawili mengine yanatazamana, yanatosha. Tiketi nunua mtandaoni leo hii. Kila tiketi ina saa yake, ukichelewa kundi lako limeshaingia. Treni mpaka mji wa Füssen ni kama saa mbili, kisha basi namba 73 au 78 mpaka kijiji kilicho chini ya makasri. Bayern-Ticket (tiketi ya siku nzima ya treni za Bavaria) moja mtasafiria wote wawili, na wikendi hamlazimiki kusubiri saa 3 asubuhi.

Mama Wawili: Mdogo wangu, anza na goti la mama. Kutoka kijijini hadi Neuschwanstein ni mlima wa dakika 30 hadi 40. Basi la kupandia linawashusha karibu na daraja la Marienbrücke, halafu mnateremka kwa miguu, na goti bovu huumia zaidi kwenye mteremko. Theluji ikianguka ndiyo kabisa, haliendi. Pandeni gari la farasi. Halifiki mlangoni, kipande cha mwisho mtatembea polepole, kwa hiyo fikeni mapema sana. Ndani kuna ngazi nyingi pia, na picha hairuhusiwi.

Mwonyeshe ukumbi wa kiti cha enzi. Dhahabu kila mahali, ila kiti chenyewe hakikuwahi kuwekwa. Ludwig II alianza kujenga 1869, akafa Juni 1886 kazi haijaisha, na Agosti mwaka huohuo watu wakaanza kuingia kwa kiingilio. Mtu aliyependa upweke kiasi kile! Huwa namhurumia.

Mtoto wa Pangani: Shikamoo dada, asante sana. Linderhof nimelifuta. Tuanze na lipi?

Mama Wawili: Marahaba. Hohenschwangau, lile la manjano. Ndiko Ludwig alikokulia, na kutoka pale alikuwa akiutazama ujenzi wa Neuschwanstein kwa darubini. Kilima chake ni kifupi. Kisha mama ale, apumzike, ndipo mpande kwa farasi.