Hii albamu ya Keith Jarrett ya standadi, ni jazz kweli au alikuwa anapumzika?

mgeni_wa_jazz
Wakuu habari za jioni. Mi jazz nimeanza kuisikiliza mwaka jana tu na nimezoea ile ya bendi, drams zinachemka, saksafoni inapaa. Juzi rafiki yangu kanirushia The Melody at Night, with You ya Keith Jarrett, ya 1999, yeye na piano tu, akasema humo ni standadi karibu tupu. Nimeisikiliza mara tatu sasa. Hivi huyu ndo yule wa tamasha la Köln, Ujerumani, 1975, aliyepewa piano bovu akabuni zaidi ya saa nzima papo hapo? Maana humu anapiga wimbo ulivyo, polepole, ukiisha umeisha. Ila ile ya kwanza, I Loves You, Porgy, inanikaba koo kila nikiiweka na sijui kwa nini. Hii nayo ni jazz? Na standadi ndo nini hasa?

santuri_za_babu
Karibu sana mkuu. Standadi ni nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya maigizo ya Broadway, sinema au bendi za densi huko Marekani, halafu wanajazz wakazichukua mpaka zikawa mali ya wote. Hiyo Porgy inatoka kwenye opera ya George Gershwin ya 1935, Someone to Watch Over Me ni ya huyohuyo Gershwin, 1926, na I Got It Bad ni ya Duke Ellington, 1941. Nyingi zina baa 32 (baa ni kipimo kifupi cha mapigo), yaani vipande vinne vya baa nane nane, na mara nyingi kile cha tatu ndo kinageuza njia. Kawaida mtu anapiga melodi mara moja, anabuni juu ya kodi zake (noti zinazopigwa pamoja chini ya melodi), kisha anarudi kwenye melodi. Jarrett mwenyewe kazipiga hivyo miaka mingi na Gary Peacock kwenye besi na Jack DeJohnette kwenye drams, tangu 1983. Kwa hiyo kubuni anaweza, humu kaamua kuacha.

usiku_na_piano
Si kuamua tu ndugu yangu, alikuwa mgonjwa. 1996 alipata ugonjwa wa uchovu sugu akasimamisha matamasha yote, kuna vipindi hata kukaa kwenye piano hawezi. Hii kairekodi kwake nyumbani New Jersey, siku akijisikia nguvu kidogo anawasha mashine anapiga dakika chache anaacha, na alianza kama zawadi ya Krismasi kwa mke wake. Sikiliza ukijua hilo. Haongezi noti hata moja ya kujionyesha kwa sababu kila noti alikuwa anailipia.

kinanda_cha_kwaya
Mi napiga kinanda kanisani miaka kumi na moja sasa na nakwambia hicho anachofanya ndo kigumu kuliko vyote. Nilijaribu Shenandoah nikaona kabisa mikono yangu inataka kujaza kila nafasi, kidole cha juu kinaimba lakini vya chini vinapiga kelele. Yeye melodi anaipa uzito wake, sauti za katikati anazisogeza nusu hatua tu chini yake, afu anaacha noti ifie yenyewe ndani ya piano ndo aguse nyingine. Na mgeni, tafuta maneno ya Porgy uyasome. Bess, mwanamke wa kwenye hiyo opera, anamwomba mpenzi wake Porgy asikubali yule mwanaume mwingine aje amchukue. Jarrett anapiga kama mtu anayeyajua hayo maneno, anavuta pumzi pale mwimbaji angevuta. Ukitaka kubuni kupo pia, nenda Blame It on My Youth, wimbo ukiisha hainuki, anaendelea na kitu chake kinachoitwa Meditation.

usiku_na_piano
Naongeza moja inayoniuma. 2018 alipata kiharusi mara mbili, upande wa kushoto ukapooza, na 2020 akasema hadharani hategemei kupiga tena mbele ya watu.

mgeni_wa_jazz
Aisee asanteni sana. Nimeyasoma maneno ya Porgy, nikazima taa nikavaa hedifoni nikaiweka tena. Safari hii sikufuata melodi kabisa, nimesikiliza mkono wa kushoto tu mwanzo mpaka mwisho.