Mama kapimwa kamera ya utumbo, sasa bega la kushoto linamuuma. Naombeni ushauri

Wadau, tupo Makorora, Tanga. Juzi mama (63) alifanyiwa kolonoskopi Dar, alikuwa akitoa damu haja kubwa. Jana karudi na basi. Tangu jioni anaumwa chini ya mbavu za kushoto, na bega la kushoto, wakati hakuanguka popote. Leo akisimama anapata kizunguzungu, jasho la baridi linamtoka. Dada anasema ni gesi. Tusubiri asubuhi?

Mzee wa Pongwe: Pole sana. Mimi nilijaa ule upepo wanaopuliza, ukaisha wenyewe. Mpe tangawizi apumzike.

Nesi Mdigo: Mzee wangu, samahani, hapana. Gesi haileti jasho la baridi. Mdogo wangu, chukueni bajaji sasa hivi mpaka hospitali ya Bombo, dharura. Huenda bandama imechanika. Utumbo mpana unapokata kona juu kushoto umefungwa na bandama kwa kano. Kamera ikivuta pale, ganda la bandama linaweza kuchanika. Ni nadra mno, hata daktari anaweza asiwazie jambo hili, kwa hiyo mlangoni tu mseme kafanyiwa kolonoskopi juzi. Bega linauma kwa sababu damu inachokoza kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Msimsugue tumbo, msimpe diklofenaki wala aspirini, asile kitu. Aliwahi kupasuliwa tumbo?

Mleta uzi: Ndiyo, alitolewa kizazi zamani. Tunatoka sasa.

Nesi Mdigo: Waambieni na hilo, makovu ya ndani huongeza hatari. Nendeni na ndugu wa kuchangia damu.

Mleta uzi: Wadau, ultrasound imeonyesha damu kuzunguka bandama. Kaongezewa damu, presha imepanda kidogo. Daktari wa upasuaji anataka CT scan, na kama hali itatulia hatampasua. Ikibidi kuitoa, ataishi?

Nesi Mdigo: Alhamdulillah mmewahi. Ataishi, ila kinga itapungua. Atahitaji chanjo za nimokoki (bakteria wa nimonia), homa ya uti wa mgongo na Hib (bakteria mwingine hatari), na homa yoyote ni hospitali siku hiyohiyo. Chandarua kila usiku, malaria ya mtu asiye na bandama huwa kali. Wakiiacha, hakuna kubeba ndoo wala kupanda bodaboda mpaka daktari aruhusu, maana inaweza kuvuja tena baada ya siku kadhaa. Maumivu yakirudi, mrudisheni hata kama ni saa nane za usiku.