Mafundi wa mashine za boti, mnafungua injini kabla ya kujua maji yameingilia wapi!

Wakuu, leo nina hasira na sitazunguka mbuyu.

Mafundi wetu wa mashine za boti wana tabia inayotumaliza wavuvi. Unampelekea fundi Enduro 40 ya zamani (mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 40), tu-stroki, yaani ile ya kuchanganya oili na petroli, unamwambia inakosa nguvu na plagi ya chini inatoka imelowa maji ya chumvi. Haulizi ilianza lini, haulizi kama iliwahi kuchemka. Spana mkononi, hedi (kifuniko cha silinda) chini. Kinachofuata ni orodha ya vifaa: pistoni, ringi, gasketi, beringi. Ndivyo nilivyofanywa hapa Tanga. Nikalipa vyote, mashine ikaunguruma vizuri pale ufukweni, haukupita muda silinda ileile ya chini ikanywa maji tena. Namrudia fundi, ananiambia ringi nilizonunua ni feki. Duka alinielekeza yeye!

Aliyekuja kuujua ugonjwa ni mzee mmoja fundi wa zamani. Hakugusa hedi kabisa. Alifungua boliti za kava la ekzosi, yaani njia ya moshi, ubavuni mwa bloku, akanionyesha bamba la ndani: limeliwa na chumvi, lina tundu la kupitisha njiti ya kiberiti. Maji ya kupozea injini yalikuwa yanavujia hapo kwenye njia ya moshi, kisha yanaingia silinda kupitia tundu la kutolea moshi. Gasketi ya hedi ilikuwa haina kosa. Zile pistoni nilizoambiwa zimekufa nilikuwa nazo bado kwenye mfuko. Mzee akazigeuza juani moja moja, hazina mkwaruzo hata mmoja.

Kinachoniuma ni kwamba dalili ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Pistoni ya juu ina masizi meusi, ya chini kichwa kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Maji yakiingia silinda inayofanya kazi yanageuka mvuke na kuosha masizi yote. Fundi aliiona, maana aliishika mkononi! Na angechomeka geji ya kompresheni, kile kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda, kwenye matundu ya plagi kabla ya kufungua chochote, angejua mapema kama ringi zimechoka au la. Geji hana. Anapima kwa kuvuta kamba ya kuwashia na kusema "hii imelegea".

Giaboksi nayo ni kilio kilekile. Oili ikitoka nyeupe, unaambiwa giaboksi imekwisha, tafuta nyingine. Jamani! Acha mashine isimame wima usiku kucha, asubuhi legeza skrubu ya chini taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Halafu chomoa propela uangalie nyuma yake. Mara nyingi utakuta mshipi umejizungusha kwenye shafti na kuikata oili sili, ule mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie. Au tatizo ni zile washa ndogo za kuzibia skrubu za oili, zinazorudishwa zilezile miaka nenda rudi. Ukitaka uhakika, mwaga oili, jaza upepo kiasi cha psi 10, paka maji ya sabuni kwenye sili, povu litakuonyesha panapovuja. Sili si bei ya giaboksi.

Maji ya kwenye petroli hata kipimo maalumu hayahitaji. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye glasi, maji yanakaa chini na petroli juu.

Kuanzia sasa fundi hafungui mashine yangu bila kunionyesha plagi zote mbili, namba za geji kwa kila silinda, na mahali maji yanapopita.

Wenye kumjua fundi mwenye geji na pampu ya kupimia giaboksi, kuanzia Pangani mpaka Moa, semeni yuko bandari gani. Na nyie mafundi mliomo humu nijibuni: kwa nini mvuvi anaambiwa anunue pistoni kabla hamjapima kitu?