Fundi kauza mauntingi (raba za kukalia injini) za Peugeot 504 ya mzee kwa watu wa skrepa, leo ananiambia "leta sampo" (ya zamani ya kuigia)

Wakuu nina hasira mpaka kidole kinatetemeka kwenye simu, mnivumilie nikichanganya maneno.

Gari ni Peugeot 504 saluni ya 1979, ile ya gia kwenye usukani, kaniachia mzee. Alinunua ikiwa ya petroli, miaka ya 90 mafuta yakamshinda akaitoa injini akapachika ya dizeli, XD2 ya cc 2304, na fundi wake wa wakati huo (marehemu sasa) akachonga mwenyewe vyuma vya kukalia hiyo injini kwa gesi na grainda. Hilo likumbukeni maana ndo mzizi wa haya yote.

Mwezi wa tatu gari ikaanza vituko. Ukizima, injini inarusha kichwa huku na huku kama mbuzi anayekataa kamba ndo inatulia. Ukiachia klachi unasikia "ko!" huko chini. Ukisimama kwenye foleni kioo cha kati kinatetemeka mpaka bodaboda mmoja nyuma yako unamuona wanne, afu ukigusa mafuta kidogo tu shwari. Nikainama na tochi nikaona maunting ya kushoto imelowa oili sijui miaka mingapi, raba imevimba imekuwa laini kama halua, ukiibonyeza na bisibisi inaingia. Ya kulia nayo imechanika katikati.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza. Akacheka, "bosi hizi gari hazina spea siku hizi, tunakata tairi". Nikamuuliza tairi itafanyaje kazi hiyo, akanijibu kwani tairi si raba? Jamani maunting ni raba iliyopikwa ikashikana na pleti ya juu na pleti ya chini, juu kuna stadi yake (bolti isiyo na kichwa) na chini stadi yake, na hazigusani, ndo maana mtetemo unafia katikati. Huyu bwana kachukua tairi la lori, kakata vipande, katoboa, kapitisha bolti moja toka juu mpaka chini kakaza kwa bomba. Yani kafunga injini kwenye bodi chuma kwa chuma, raba ipo pale kama pambo! Nilipowasha, dashibodi ikalia, milango ikalia, kopo la sarafu likatembea lenyewe mpaka likaanguka. Na 504 hii haina propela (shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma) ya wazi kama Toyota zenu, ina bomba refu limeungana na gia boksi mpaka kwenye difu huko nyuma, injini gia boksi na difu ni kitu kimoja kirefu, mbele ikikaa vibaya inavuta mpaka nyuma. Gia ya pili ikawa haiingii bila kubembelezwa.

Nikalipa, maana nilishakubali ujinga wangu.

Nikashuka Gerezani kwenye maduka ya spea siku tatu mfululizo, kila duka swali moja, "sampo iko wapi?" Mimi naonyesha picha kwenye simu, wanaiangalia kama cheti cha shule ambayo haijulikani. Siku ya tatu jamaa mmoja akatoa maboksi mawili toka chini ya meza, "original hizi bosi, Ufaransa", boksi lina simba wa nembo ya Peugeot lakini huyo simba kakaa kama paka aliyemwagiwa maji. Laki na themanini jozi, nikalipa. Fundi wa pili akazifunga, matundu hayakulingana, hakuniuliza kitu, kashika grainda kapanua matundu kwenye vyuma vya yule marehemu. Nimerudi toka kununua maji nakuta cheche zinaruka.

Na hakuishia hapo. Napiga stata, nye... nye... nye... afu harufu, afu naona moshi unatoka kwenye kebo ya akselereta! Kasahau kurudishia waya wa ethi kati ya injini na bodi. Raba haipitishi umeme, kwahiyo moto wote wa stata ya dizeli ukatafuta njia ukapita kwenye kakebo kembamba vile, plastiki yake ikayeyuka. Anasema "ni bahati mbaya". Bahati mbaya ipi, bolti ya ethi ilikuwa mfukoni mwake!

Hizo "original" zilidumu siku 19. Nilipofungua nikakuta raba imebanduka kwenye pleti kama plasta kwenye kidonda, na pleti chini inang'aa, safi, hakuna hata alama ya gundi. Maana yake haikuwahi kushikana, ilibandikwa tu ikapakwa rangi nyeusi. Muuzaji anasema nilizidisha mzigo. Mzigo upi, nilikuwa mimi na mke wangu.

Sasa hapa ndo damu ilipochemka. Nimeelekezwa mzee mmoja Ilala anapika raba kwenye moldi. Kaniambia vizuri tu, mwanangu niletee pleti zako za zamani hata kama raba imekufa, nazisafisha napika raba mpya juu yake, bila pleti sina pa kuanzia. Nikakimbia kwa fundi wa kwanza. Dogo wa gereji anajibu huku anakula mhogo, "zile? walipita watu wa chuma chakavu, tuliwapa". Kwa kilo! Pleti zilizobeba injini ya baba yangu zaidi ya miaka 25 zimeenda kwa hela ya soda mbili. Na fundi mwenyewe akaongeza, bila aibu, "ukipata sampo niletee nikufanyie".

Nimeulizia Ufaransa, spea zipo, lakini wanataka namba ya chesisi na chesisi inasema petroli. Matundu nayo nikisema nipime, yameshapanuliwa, kipimo kimeenda na cheche.

Kwahiyo mwenye 504 iliyotoka kiwandani na dizeli, hata kama imelala uani kuku wanatagia ndani, sitaki raba yako, ya miaka yote hiyo itakuwa imekauka. Nipimie tu stadi mpaka stadi, upana wa pleti, na urefu wa maunting ikiwa haijabeba injini, nitakulipa muda wako. Na wewe ambaye tayari unaandika "mkuu weka injini ya Toyota", pita tu, leo sina hali.