Nimelipa 1,850,000 familia ikaone tembo Ugalla, tumeishia kwenye tope: wazazi wa Tabora someni kabla hamjatoa hela

Wakuu, heshima kwenu.

Sina kawaida ya kufungua uzi wa kumlalamikia mtu. Jambo hili nimekaa nalo tangu Desemba nikitumaini tutamalizana kiungwana. Lakini jana jioni mdogo wangu kanitumia tangazo: picha ile ile, maneno yale yale, "TEMBO UHAKIKA, LETE FAMILIA", bei imepanda, safari ni Machi. Machi jamani! Mtu anauza tembo wa hifadhi ya Ugalla, huku kwetu Tabora, mwezi wa Machi, mvua za Tabora hazijakata, na kuna wazazi watatoa hela. Ndiyo maana naandika.

Jina la kampuni sitalitaja hapa, uzi usije ukafungwa kabla watu hawajasoma. Someni mambo yenyewe, mkikutana nayo mtayatambua.

Mama yangu ana miaka 71, mzaliwa wa Sikonge. Sisi tumekua akitusimulia tembo walivyokuwa wakiingia kwenye mahindi usiku, babu anapiga debe hadi alfajiri na watoto wamejibanza ndani. Wajukuu zake wamezaliwa Isevya hapa mjini, tembo wanamjua kwenye noti ya elfu kumi. Kila likizo Mama alikuwa na neno moja: "Wajukuu zangu wamwone kabla sijafa." Mwaka jana tukasema basi. Mimi nikaweka hela ya asali, mke wangu akatoa mgawo wake wote wa kikoba, mdogo wangu akaongezea. Watu saba: sisi wawili, Mama, watoto watatu na mdogo wangu. Siku tatu, laki kumi na nane na nusu. Kwa familia kama yetu hiyo hela haiokotwi.

Ofisini nilimuuliza yule bwana swali moja tu, mke wangu ni shahidi: "Desemba tembo wanaonekana?" Akajibu, "Kaka, tembo wako mwaka mzima, ni pale pale kwao." Nikaamini. Nimekulia mkoa huu lakini hifadhini nilikuwa sijaingia, na kazi yake yeye ndiyo hiyo, nilidhani anaijua.

Tulikubaliana Land Cruiser ya porini, ile ya kufunguka juu. Saa kumi na moja alfajiri nafungua geti nakuta Noah. Tairi za nyuma kipara. Dereva ni kijana mpole, anasema gari kubwa limepata hitilafu, hili litatufikisha. Nilitakiwa nikatae palepale, najua. Lakini watoto walikuwa wameshavaa viatu tangu saa tisa usiku, na Mama kashika begi lake mlangoni.

Hadi Urambo ni lami, kama kilomita 90, hakuna shida. Ukiiacha lami kushuka kusini kuelekea mto Ugalla, ndipo shida inapoanza. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Tukazama. Saa nne nzima tumekaa njiani, mwanamke wa miaka 71 kakaa kwenye dumu la maji lililogeuzwa, mpaka likapatikana trekta la wakulima wa tumbaku likatuvuta. Dereva hakuwa na hela ya trekta. Nililipa mimi, 60,000.

Na hapo mbung'o wametushika. Mke wangu na watoto walikuwa wamevaa bluu iliyoiva, sare tulizoshona kwa ajili ya safari. Hakuna aliyetuambia kwamba mbung'o wanafuata bluu na nyeusi, kwamba hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtu anayepeleka watoto kwenye pori la miombo anatakiwa akuambie hilo siku unayolipa, maana Urambo na Kaliua malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, yanajulikana miaka na miaka. Shingo ya mwanangu mdogo ilivimba mpaka kola haifungi.

Kambi ya ndani ya hifadhi tuliyolipia hatukuiona. Tulilala gesti Urambo siku zote mbili. Chakula kilikuwa wali maharage. Hayo nayapita.

Siku ya pili tukafika getini saa nne asubuhi. Viingilio vilikuwa ndani ya pakeji, nimeandikiwa kwenye risiti. Dereva hana namba ya malipo, ofisi haijamtengenezea, simu ya bosi haipatikani. Mtandao unakuja na kukata. Baada ya saa moja na nusu nikalipa mwenyewe kwa simu yangu. Askari wa pale walitusaidia kwa moyo, wawili kati yao walimwekea Mama kiti kivulini na kumpa maji. Kwao sina neno baya hata moja.

Ndani tukazunguka kama saa tatu, kwenye kipande kidogo cha njia ambacho Noah ingeweza kupita. Majani marefu kuliko gari, miti yote imechipua, ukitazama pembeni huoni hatua ishirini. Tuliona ngedere, pofu mmoja kwa mbali, na ndege.

Halafu dereva akasimamisha gari kwa furaha: "Nyayo! Hawa wamepita leo asubuhi, hawako mbali!" Watoto wakapiga kelele. Mama akaomba ashuke, tukamshika mkono. Unyayo ulikuwa kweli wa tembo, mduara mkubwa kama sinia la pilau, umedidimia kwenye udongo na kujaa maji ya mvua. Mama akainama na mkongojo wake, akatazama, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, unyayo wa leo asubuhi unazaa viluwiluwi?"

Nikaangalia. Viluwiluwi wameshaota miguu ya nyuma, wanaogelea ndani ya unyayo. Tembo yule alipita pale wiki kadhaa nyuma. Kijana aliinamisha kichwa. Mama hakusema neno lingine mpaka tunarudi Tabora.

Lakini lililoniuma kuliko hata hilo ni la binti yangu wa darasa la nne. Alikuwa ameandaa daftari. Maswali kumi na moja kuhusu tembo, aliyapata kwa mwalimu wake na kwa kusoma, majibu kayaandika kwa penseli, akataka kuyahakikisha kwa "mtaalamu". Akauliza: tembo anabeba mimba muda gani? Dereva akajibu miezi tisa, kama ng'ombe. Akauliza: kiongozi wa kundi ni nani? Akajibu, dume kubwa lenye pembe ndefu. Mimi nilikuwa mbele, nahangaika na simu. Nilipogeuka nikamkuta mtoto na kifutio mkononi. Alikuwa ameandika miezi 22, jibu sahihi, akalifuta akaandika 9. Alikuwa ameandika jike mzee, jibu sahihi, akalifuta akaandika dume.

Nimemlipa mtu hela amfundishe mwanangu uongo, na mwanangu kafuta ukweli kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu tulimwambia kwenye gari kuna mtaalamu. Usiku ule gesti tulikaa naye kitandani tukarudishia yote. Karatasi imeshachanika pale kwenye 22 kwa kusuguliwa.

Kijana yule simlaumu sana. Kaajiriwa kuendesha gari mjini, katumwa porini bila hata darubini. Namlaumu aliyemtuma.

Tukiwa tunatoka, nikamuuliza askari mmoja mtu mzima, mbona hatujaona tembo hata mmoja. Akanieleza kwa dakika kumi mambo ambayo yule bwana alitakiwa aniambie ofisini. Nawapa na ninyi bure.

Tembo mkubwa anakunywa maji mengi mno, kwa siku yanapita hata lita 100. Kiangazi, kuanzia Juni na hasa Agosti mpaka Oktoba, visima vya porini vinakauka, mto Ugalla wenyewe unapungua unabaki mabwawa mabwawa. Hapo tembo hana ujanja, lazima aje mtoni, na majani yameungua au yamekauka, unamwona. Mvua zikianza Novemba kila shimo la msitu lina maji. Makundi yanasambaa pori zima, na pori lenyewe lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 3,900. Na barabara ndiyo ile tuliyozama. Hata Tarangire, wanakosifika kwa makundi makubwa ya tembo, msimu wao mzuri ni huo huo wa kiangazi, wanaufuata mto.

La pili, tembo wa huku ni waoga wa gari. Ugalla ilikuwa pori la akiba, watu wanawinda, mpaka 2019 ndipo ikawa hifadhi ya taifa. (Baba yangu mdogo alikuwa na mizinga kule, ilibidi atafute pori jingine, lakini hiyo ni mada yake.) Na ujangili wa miaka ile tunaukumbuka wote: nchi hii ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 2009, walipohesabiwa 2014 walikuwa kama 43,000. Tembo aliyeishi kipindi kile akisikia injini anakumbuka. Askari alisema unatakiwa ufike mapema, ukae kimya karibu na maji, usubiri, na uwe na siku za kutosha. Sisi tuliletwa saa nne na kuondolewa saa tisa, redio ya gari inaimba.

Sasa picha. Ile ya kwenye tangazo, tembo kama kumi wanatembea kwenye uwanda wa majani mafupi. Kwenye tangazo bei imeandikwa juu kwenye kiboksi chekundu. Tuliporudi mdogo wangu akaitafuta picha yenyewe mtandaoni, akaipata nzima. Nyuma ya kile kiboksi kuna mlima wenye theluji. Kilimanjaro! Picha imepigwa Amboseli, Kenya. Kaificha Kilimanjaro kwa bei ili atuuzie Ugalla. Hilo halikuwa bahati mbaya, mtu kakaa chini kwenye kompyuta akapanga kile kiboksi kikae pale.

Nikaenda ofisini tarehe 27 Desemba. Kwa utulivu kabisa, na risiti zangu. Anasema: "Kaka, wanyama ni wa porini, siwezi kuwafunga kamba." Nikamwambia sijadai tembo aletwe kwa kamba. Wewe ndiye uliyeandika UHAKIKA. Wewe ndiye uliyesema wako mwaka mzima. Na hata tukiacha tembo, Land Cruiser iko wapi? Kambi iko wapi? Viingilio nilivyolipa mara mbili viko wapi? Akasema nirudi Januari. Januari akasema nirudi katikati ya mwezi. Nikaomba anioneshe leseni yake ya biashara ya utalii, akanitumia picha ya TIN, ile namba ya mlipakodi. Nilipomwambia TIN siyo leseni ya utalii, kaniblok.

Ninachodai ni hiki: viingilio nilivyolipa getini, 60,000 ya trekta, tofauti ya bei kati ya Land Cruiser na Noah, na hela ya kambi ambayo hatukulala. Sidai hata senti ya tembo wasioonekana, askari kanielewesha na nimeelewa. Na ile picha aitoe. Barua kwa Tume ya Ushindani nimeshaiandika, inatoka Jumatatu, risiti na picha zote mbili nimeziambatanisha. Kama kuna mwingine hapa aliyepelekwa na tangazo la kiboksi chekundu, iwe Tabora, Nzega au Kigoma, aje faragha tuunganishe nguvu, barua ya watu watano inasomwa tofauti na ya mtu mmoja.

Kwa mwenye mpango wa kupeleka watoto: kabla hujatoa hela dai leseni uione kwa macho, dai namba ya gari lenyewe na ulikague siku moja kabla, muulize dereva tembo anabeba mimba miezi mingapi. Akisema tisa ondoka. Viingilio lipa mwenyewe, kwa Mtanzania ni hela ndogo tu, usikubali zipitie kwa mtu. Na nguo za bluu ziacheni nyumbani.

Wadau wa Urambo, Kaliua na Sikonge, nina ombi. Natafuta dereva anayeijua Ugalla kweli, mwenye gari la porini linalotembea, kwa wiki ya kwanza ya Septemba. Nimeanza kuweka tena kidogo kidogo. Mama hapandi gari bila kuongea na dereva mwenyewe kwanza kwa simu, na binti ana maswali kumi na moja.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Kuna mtu kanifuata faragha kwa namba nisiyoijua, ananiambia nifute uzi nitarudishiwa laki mbili. Sifuti. Niliyoandika yote nina risiti zake.