Kikundi cha ukoo, Isongole: pikapu haishiki asubuhi za ukungu

Baba Tumaini: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naomba msaada juu ya ile Hilux ya marehemu mzee. Tangu mvua zikolee, asubuhi inapiga stata kwa nguvu lakini haishiki. Jua likitoka, kwenye saa nne hivi, inawaka mara moja. Viazi vimeshafungwa viko Isyonje na dalali wa soko la Mwanjelwa hasubiri mtu.

Shangazi Kiwira: Marahaba baba. Poleni sana. Huku kwetu ukungu hata nyumba ya jirani huioni.

Lusajo: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Fundi wa hapa kasema koili imekufa. Anataka hela ya koili na plagi zote nne.

Mjomba Uyole: Marahaba wanangu. Msitoe hela bado. Koili ikianza kufa mara nyingi inasumbua injini ikishapata joto. Hii yenu inasumbua kwenye baridi na unyevu, halafu jua likiikausha inapona.

Mjomba Uyole: Baba Tumaini, baada ya kupiga stata sana, fungua plagi moja. Imelowa au kavu?

Baba Tumaini: Imelowa. Inanuka petroli kabisa.

Mjomba Uyole: Basi petroli inafika, moto wa cheche ndio haufiki. Zima swichi, toa ufunguo. Fungua kofia ya distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi, bila kuchomoa waya za plagi. Piga picha ndani, washa na tochi.

Lusajo: [Picha] Mjomba, ndani kuna jasho. Vitone vidogo vimeshika ukuta wote. Na kuna kamstari keusi kembamba, kametoka kwenye ncha moja ya shaba mpaka kwenye jirani yake. Nimekafuta kwa kitambaa hakatoki.

Mjomba Uyole: Hapo hapo. Huo mstari sio uchafu, plastiki imeungua ikageuka kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Sikilizeni niwaeleze, maana hili watu wengi wananunulia vipuri bure.

Mjomba Uyole: Koili inatoa maelfu ya volti ili cheche iruke kwenye plagi. Kuruka pale ndani ya silinda, kwenye mgandamizo, ni kazi ngumu. Umeme ukipata njia rahisi unaifuata. Maji ya ukungu yakichanganyika na vumbi na mafuta juu ya kofia na waya, hiyo ndiyo njia rahisi. Moto unatambaa unaishia kwenye bodi ya injini na plagi inabaki na petroli yake. Na asubuhi betri ni baridi, stata inakula umeme mwingi, kwa hiyo hata moto wenyewe unakuwa dhaifu.

Baba Tumaini: Sasa tufanyeje kesho alfajiri?

Mjomba Uyole: Leo usiku kwanza. Kausha kofia na rota, kile kinachozunguka chini ya kofia, kwa kitambaa kikavu, rudisha, washa. Ikishashika, zima taa zote, fungua boneti, tazama gizani. Chukua ile chupa ya kupulizia maua, pulizia mvuke wa maji kidogo tu juu ya waya na kofia. Ukiona cheche za bluu zinatembea, umempata mwizi. Lakini usiguse waya wowote injini ikiwa inaunguruma, na watoto wasikaribie. Ule umeme unarusha mtu mkono ukaingia kwenye feni.

Mama Tumaini: Hilo la watoto nitalisimamia mimi.

Baba Tumaini: Mjomba, tumeona! Nilipopulizia tu ikaanza kumisi. Waya wa silinda ya tatu una cheche mpaka kwenye bloku, na pale kwenye kofia kunawaka kabisa. Lusajo ameshangaa.

Lusajo: Kweli nimeshangaa. Kumbe kitu kinaonekana kwa macho.

Mjomba Uyole: Safi. Basi koili iacheni. Nunueni kofia, rota na seti ya waya. Kabla ya kutoa waya za zamani wekeni alama kila mmoja, au hamisheni mmoja mmoja. Mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-3-4-2. Mwenye mita apime: waya wa Toyota hiyo usizidi ohm 25,000.

Lusajo: Nina WD-40, nipulizie kwa sasa?

Mjomba Uyole: Ndiyo, ilitengenezwa kwa kufukuza maji. Pulizia injini ikiwa imezimwa, futa, kisha acha wazi mvuke wake uishe kabla ya kupiga stata, maana unashika moto. Ila ule mstari mweusi hautaponywa na dawa ya kupulizia. Kofia ni ya kubadilisha.

Lusajo: Mjomba kuna jambo lingine. Hata ikishawaka vizuri, tukipanda Isyonje kwenye ukungu inakosa nguvu, inakohoa, inazima. Tukikaa pembeni kama dakika kumi inawaka yenyewe bila kuguswa. Fundi alisema pampu ya petroli.

Mjomba Uyole: Mkisimama tu inapona? Na mchana wa jua haifanyi?

Lusajo: Mchana haijawahi.

Mjomba Uyole: Hiyo ni barafu kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa.

Shangazi Kiwira: Barafu? Tanzania hii?

Mjomba Uyole: Ndiyo shangazi. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta inanyonya joto. Hewa ya nje inaweza kuwa nyuzi 10, pale kooni mwa kabureta ikashuka chini ya sifuri. Unyevu wa ukungu unaganda, unaziba njia. Ukizima, joto la injini linapanda, barafu inayeyuka, gari inawaka. Baada ya hapo huna cha kumwonyesha fundi.

Mjomba Uyole: Lusajo angalia kwenye mdomo wa eya klina, kile kichujio cha hewa. Kuna bomba linaloshuka mpaka kwenye manifodi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini?

Lusajo: [Picha] Kuna tundu lake, bomba halipo.

Mjomba Uyole: Lilioza likatupwa. Hilo ndilo la kuvutia hewa ya moto. Na themostati ipo, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto?

Baba Tumaini: Iliondolewa miaka mingi, wakasema gari isije ikachemsha.

Mjomba Uyole: Inaniuma sana hii. Wanaitoa kila gari, hata huku kwetu kwenye baridi. Injini isiyopata joto haiwezi kupasha kabureta. Rudisheni, imeandikwa 82 au 88, ndizo nyuzi za joto inapofunguka. Kama inachemsha, tatizo ni rejeta, lisafishwe.

Mama Tumaini: Samahani mjomba, mimi huwa naona uji mweupe chini ya kifuniko cha oili. Niliogopa kusema, nikajua gasketi imekwisha, maji yanaingia kwenye oili.

Mjomba Uyole: Umefanya vizuri kusema mama. Maji ya rejeta yanapungua?

Mama Tumaini: Hayapungui. Na oili kwenye kijiti ni nyeusi tu, haina uji.

Mjomba Uyole: Basi ni mvuke wa injini baridi, safari fupi za shambani na nyumbani. Themostati ikirudi mtaona unapungua. Ukianza kuona uji kwenye kijiti au maji yanapotea, hapo simamisheni gari mnipigie.

Baba Tumaini: Ndaga fijo, asante sana mjomba. Tunaanza na lipi, hela haitoshi vyote.

Mjomba Uyole: Kofia, rota na waya kwanza, viazi viondoke. Themostati wiki ijayo. Bomba, Lusajo atafute bati laini alikunje, alikaze na klipu, lisiguse waya. Vipuri nitavinunua huku asubuhi nimpe kondakta wa kosta ya saa tatu. Lusajo, nitumie picha ya distributa kwa pembeni nisije nikachukua kofia isiyoingia.

Lusajo: [Picha] Hii hapa mjomba. Nitakuwa stendi saa tatu.